Fadhila za Mtetemo wa Usukani

Katika maradhi yote yanayolipata gari, kuanzia pancha inayochagua usiku wa mvua hata betri inayozimika asubuhi ya arusi, hakuna lenye adabu ya kuushinda mtetemo wa usukani. Kwani maradhi mengine humjia mwenye gari kwa ghafla na kwa jeuri, ilhali mtetemo hutimiza miadi yake kama mgeni mstahiki aliyekwisha kutaja saa ya kuwasili, wala hautangulii saa hiyo wala haukawii. Chini ya kilomita 80 kwa saa usukani umetulia tuli, na abiria aweza kujimiminia kahawa. Mwendo ufikapo 88 au 90, vidole huanza kuwasha; ufikapo 100, mikono hucheza mpaka viwikoni, kioo cha ndani huzidisha idadi ya magari yanayofuata nyuma, na funguo huimba; ufikapo 115, lau dereva ana moyo wa kufika huko, mtetemo huaga na kwenda zake, usijulikane ulikopita. Ni dhiki gani nyingine ya dunia yenye mipaka ya namna hii? Deni halina mipaka, wala jino bovu.

Nimeazimia basi kuubainisha utukufu wake, na mahali pa kufanyia kazi hiyo ni hapa Guangzhou. Ibn Battuta, aliyeiona Kilwa mwaka 1331 na ambaye kwa masimulizi yake mwenyewe alifika hata mji huu miaka kadhaa baadaye, alisafiri kwa merikebu, nacho chombo cha bahari hutikisika kwa mwendo wowote bila ya kubagua. Maskini hakujaliwa kuujua mtetemo wenye kuchagua. Bahati hiyo imewaangukia watu wetu wa leo, wale wa Unguja na Mombasa, wa Dar es Salaam na Kampala, wanaoshukia mtaa wa Xiaobei kununua bidhaa, pamoja na mawakala waliofanya maskani hapa, ambao kazi yao ni kuwachukua wateja kuwapeleka Foshan kutazama vigae na samani, na Shenzhen kutazama simu. Wakala mmoja katika hao, mtu wa Pemba ambaye sote twamwita Maalim kwa kuwa alisomesha watoto kabla ya kuingia biashara, ana Corolla ya umri wa makamo, iliyovikwa na mwenyewe wa kwanza rimu za fahari zinazong'aa kupita gari lenyewe, na gari hilo ndilo lililonipa mimi shauku ya kuandika.

Mji huu umeuwekea mtetemo maficho na jukwaa kwa wakati mmoja. Barabara ya mzunguko wa ndani, iliyofunguliwa mwaka 2000, hupita juu ya nguzo kilomita 26 na ushei, ikichungulia madirisha ya watu walioanika nguo zao, na humo hakuna ruhusa ya kukimbia wala nafasi ya kukimbilia. Mnunuzi akilizungusha gari humo, atalirejesha akiapa kwamba halina ila. Njia kuu ya kwendea Shenzhen, iliyoanza kupitisha magari mwaka 1994, ina kilomita 120 na ziada, na huko ndiko mgeni wetu hujitokeza na kuamkia. Nilipopanda na Maalim safari ya kwanza, tukiwa tumeuacha mji nyuma, nilimwambia, "Maalim, gari lako lina homa." Akanijibu bila ya kugeuka, "Homa huja wakati wowote, Bwana. Hili lina saa zake."

Alisema kweli, na ukweli huo una hesabu yake. Gurudumu la gari kama lile lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo katika kilomita 100 kwa saa huzunguka mara 14 hivi kila sekunde. Weka gramu 30 zilizozidi upande mmoja wa rimu, uzito ambao muuza dhahabu angeustahi lakini muuza viazi asingeuona, na katika mwendo huo gramu hizo hulivuta gurudumu kwa nguvu ya kilo 4 na zaidi, juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kabla hujamaliza kusema bismillahi. Fauka ya hayo, nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Mtu atauliza, ikiwa nguvu yazidi kukua, mbona mtetemo huaga ufikapo 115? Jawabu ni kwamba springi, mikono ya usukani na bodi lenyewe vina mapigo yao ya tabia. Gurudumu likipiga kwa mapigo hayohayo huitikiwa kwa furaha, na likipiga kwa haraka zaidi huachwa lipige peke yake. Nguvu ingalipo, lakini haina mwitikiaji.

Wasioijua nasaba ya mtetemo hudhani kwamba ni mtoto wa gereji. Hasha! Tarehe 5 Mei 2020, daraja la Humen, linalovuka Mto wa Lulu kati ya Nansha ya Guangzhou na mji wa Dongguan, daraja la kuning'inia lenye mita 888 baina ya mnara na mnara, lililopitisha malori tangu mwaka 1997 pasipo kulalamika, lilianza kupanda na kushuka kwa mawimbi yaliyoonekana kwa macho, na madereva waliokuwa juu yake wakajua maana ya kuwa punje katika ungo. Hapakuwa na tufani. Palikuwa na upepo wa wastani tu, na vizuizi vya plastiki vilivyojazwa maji, ambavyo watengenezaji walivipanga kandokando ya daraja kwa ajili ya ukarabati. Vizuizi hivyo viligeuza umbo ambalo upepo ulilizoea, hewa ikaanza kuviringika nyuma yake kwa mapigo yaliyolingana na mapigo ya daraja lenyewe. Vikaondolewa, daraja likachunguzwa, na magari yakaruhusiwa tena tarehe 15 ya mwezi ule. Haukupita mwaka na nusu, tarehe 18 Mei 2021, jumba la SEG Plaza huko Shenzhen, lenye zaidi ya mita 350 na umri wa miaka 20, likatikisika mchana kweupe, watu wakamiminika mabarabarani. Na katika uchunguzi lawama kubwa ikauangukia mlingoti wa paani, ukateremshwa. Nao wajenzi wa Mnara wa Guangzhou, wenye mita 600, walimwekea mgeni huyu chumba mapema, yaani matangi makubwa ya maji karibu na kilele ili yacheze badala ya mnara. Basi Corolla ya Maalim ni ya ukoo mmoja na mambo makuu, na mwenye kuidharau ajue amedharau jamaa ya nani.

Lakini fadhila iliyo juu ya zote ni kwamba mtetemo humfundisha mtu kuuliza kwa utaratibu, elimu ambayo madarasa mengi yameshindwa kuitia vichwani. Swali la kwanza ni, unatetema wapi? Ukitetema usukani, tuhuma iko magurudumu ya mbele; ukitetema kiti na sakafu huku usukani umetulia, tuhuma iko nyuma. Swali la pili ni, unatetema lini? Ukija wakati wa kukanyaga breki tu, tazama diski, ambazo hazikulika sawasawa. Ukija wakati wa kuongeza mafuta na kutoweka mara unapoinua mguu, viungo vya ndani vya shafti za mbele vimelika. Na ikiwa njia ni tupu na dereva ni mwenye hadhari, atoe gia katika mwendo uleule, enjini ishuke pumzi gari likiendelea kuserereka: mtetemo ukibaki, enjini imetoka na heshima yake. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mfano wa Hiace zetu na Land Cruiser, kuna mtetemo wa kasi zaidi, wa kuvuma kuliko kupiga, nao ni wa propela shafti, kwa kuwa hiyo huzunguka mara 4 hivi gurudumu linapozunguka mara moja. Kisha magurudumu ya mbele yahamishiwe nyuma, na ya nyuma mbele. Dhiki ikitoka mikononi ikaenda makalioni, mhalifu amepatikana bila ya kulipa hata senti. Hatimaye mtu hupitisha kiganja juu ya tairi kutafuta uvimbe, na kumulika upande wa ndani wa rimu, ambako aghalabu hukutwa donge la udongo mkavu lililofanya ghasia yote.

Haya yote ni bure, na kwa sababu ni bure watu hawayafanyi. Wengi huanza kwa swali la tatu, ambalo ni bei gani, na hapo mtetemo hudhihirisha ukarimu wake, maana huwaruzuku mafundi wote bila ya kumnyima hata mmoja. Barabara ya Yongfu, isiyo mbali na Xiaobei, ina maduka ya vifaa vya magari yaliyobanana mlango kwa mlango. Na vipuri vinavyotoka mkoa huu wa Guangdong huonekana vimetundikwa Gerezani mjini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka kule Kampala, na naamini sehemu njema ya biashara hiyo imesimama juu ya mitetemo ambayo haikuulizwa maswali. Maalim mwenyewe, katika gereji mbili ambazo sitazitaja, alibadilishiwa shokapu, kisha tairodi, kisha boljointi, kisha bushi. Na kwa kuwa kila kilichotolewa kilikuwa kimezeeka kwa kadiri yake, hapakuwa na mtu wa kushtakiwa kwa uongo. Mtetemo ulivipokea vipuri vipya kwa taadhima, ukavitikisa pamoja na vya zamani.

Magurudumu nayo yalibalansiwa, tena zaidi ya mara moja. Mashine ilizungusha, ikataja gramu, vipande vya risasi vikabandikwa (Umoja wa Ulaya umeikataa risasi katika magari mapya tangu 2005, wakahamia zinki na chuma, lakini vichochoro vina sheria zao), mashine ikazungusha tena ikaonyesha sifuri, na Maalim akalipa kwa moyo mkunjufu. Katika kilomita 90 mgeni akabisha hodi kama kawaida. Hapa ndipo wanyonge wa imani huuza gari.

Gereji ya tatu ilikuwa katika kichochoro cha Baiyun, na fundi wake mzee wa maneno machache, ambaye hakuigusa mashine kwanza. Alilivua gurudumu, akamulika kwa tochi tundu la katikati ya rimu, akamulika kitovu cha gari, akacheka. Kitovu cha Corolla ile kina kipenyo cha milimita 54.1; tundu la rimu za fahari, zilizotengenezwa ili ziweze kuuzwa kwa magari ya kila kabila, lilikuwa na 73.1. Nafasi hiyo ilitakiwa kuzibwa kwa pete, na pete hazikuwapo. Rimu ilikuwa imeshikwa na nati peke yake, na nati zilizokazwa kwa pupa gari likiwa limeshuka chini huifunga rimu pembeni kidogo. Mashine ya kubalansi huikamata rimu kwa kulijaza lile tundu, kwa hiyo kwenye mashine gurudumu lilikuwa katikati kabisa, na ile sifuri haikuwa uongo. Lilikuwa likisogea pembeni kila liliporudishwa garini. Fundi akavalisha pete nne za plastiki, ambazo bei yake zote pamoja haikufika bakuli mbili za tambi, akabandua tabaka za risasi za wenziwe, akabalansi upya, akakaza nati kwa mkingamo, moja baada ya moja, gari likiwa juu ya jeki, akamalizia kwa spana ya kupimia mpaka nyutoni-mita 103. Kisha akaenda kunywa chai.

Hapo ndipo tulipoanza kuujua mtetemo kwa kuukosa. Maalim aliingia njia ya Shenzhen, akapita 90, akapita 100, kimya. Na mahali ambapo kibao kiliteremka mpaka 100 yeye alikuwa katika 118, akipigwa picha ambayo hakuiagiza. Faini ikaja. Kabla ya pete zile alikuwa na mlinzi asiyelala na asiyedai mshahara, aliyemzuia katika 88 kila siku ya Mungu. Isitoshe, wateja waliokuwa wakishika vishikio na kunyamaza njia nzima sasa wana utulivu wa kutosha kuteta bei kuanzia Guangzhou mpaka Shenzhen.

Wako wanaodai kwamba enzi ya mtetemo yakaribia mwisho, kwa kuwa magari ya umeme yameujaza mji huu, nayo makao makuu ya kampuni za XPeng na GAC Aion yako hapahapa. Dai hilo halina ithibati. Enjini ikiondoka, huondoka na mitetemo yake, lakini pia huondoka na kelele zilizokuwa zikiusitiri mtetemo wa magurudumu. Na gari la umeme, kwa uzito wa betri yake, halina huruma na tairi. Juma lililopita tulikwenda kumpokea mteja uwanja wa ndege kwa teksi ya umeme, mpya, isiyo na sauti. Tulipofika mwendo wa 90 Maalim, aliyekaa nyuma, alikatiza maneno yake, akaweka kiganja juu ya kiti, akafumba macho.

"Nyuma, kulia," akasema. "Gramu 20. Au 25."

Kuhusu kulia, naona alibahatisha. Dereva, asiyejua Kiswahili, aliitikia kwa kichwa na kuongeza sauti ya redio.