Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Kwa Mheshimiwa Mamlaka Husika,
popote ulipo.

Kila mvua kubwa ikinyesha Singida, redioni unaombwa wewe uchukue hatua, nami nimeona nikuandikie moja kwa moja. Ofisini nilikukosa. Wanaogawa viwanja walisema mitaro ni ya watu wa barabara. Watu wa barabara walisema kosa ni la waliogawa viwanja. Mwenyekiti wa mtaa akasema yeye ana muhuri tu.

Kwanza nikupongeze. Mtaa wetu mpya (jina nalihifadhi, maana viwanja vingine bado havijauzwa) umepimwa ukapimika. Bikoni zimenyooka, eneo la soko lipo, la shule lipo, hata marehemu wametengewa lao. Aliyesahaulika ni maji peke yake. Lile korongo la zamani sasa ni viwanja, tena vya bei nafuu, na dalali anavisifia kwamba udongo wake ni laini, msingi unachimbika kirahisi. Aliyeuleta udongo huo hamtaji.

Najua utasema Singida ni kukame. Ni kweli, msimu wetu ni mmoja tu, toka mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Ila mvua hailetwi kwa awamu kama malipo ya kiwanja. Zikishuka milimita 50 mchana mmoja, bati la mita za mraba 120 linamwaga lita 6,000. Nyumba 100 za namna hiyo ni lita 600,000, sawa na maboza 60 ya lita 10,000, na hapo sijagusa nyua zilizosakafiwa wala barabara iliyoshindiliwa na greda. Zamani vichaka na mchanga vilikunywa sehemu ya maji hayo. Tumevifyeka. Ikifika Septemba, sisi hao hao tunapanga foleni kununua maji kwa ndoo.

Halafu kuna hili la jiografia. Maji ya Dar es Salaam, hata yakisumbua vipi, mwisho wake ni baharini. Yetu yaende wapi? Singidani na Kindai ni maziwa yasiyo na mto wa kutokea; kilichoingia hutolewa na jua, ndiyo maana yana chumvi. Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, bonde ambalo mito yake haifiki baharini, ina makao yake mji huu huu. Ukimsukumia jirani maji, bado yamo humu humu ndani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kando ya ziwa au mto. Mimi nimeisoma, ziwa halijaisoma. Likijaa, ufukwe unahama, na zile mita 60 zinaingia sebuleni kwa watu bila hodi.

Wenzetu wa Katesh, Desemba 3, 2023, walishukiwa na tope la Mlima Hanang, watu zaidi ya 80 wakafa. Lile silifanyii mzaha, wala letu silifananishi nalo. Mimi nadai mtaro.

Mmoja tunao, wa zege, mzuri kweli. Unaanzia barabarani na kuishia kwenye ukuta wa mtu. Nasi wananchi hatukulala: kila mwenye gari ameufukia kwa kifusi mbele ya geti lake, akaacha bomba la inchi nne ili maji nayo yasijisikie kudharauliwa.

Ombi langu ni dogo. Maji ya mvua yapimiwe kiwanja, kirefu, chembamba, toka juu ya mtaa hadi bondeni. Kiwekewe bikoni, kipewe namba na hati kwa jina la Maji, na yadaiwe kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Nimeona mlipa kodi akijengewa juu ya kiwanja chake, tingatinga huja kesho yake asubuhi. Fomu nitayajazia mimi, na ada nitayalipia.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Korongoni (kwenye hati: Kitalu C)