Gofu kwa Jina la Bwana

Mwaka 1743 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliwaandikia wafuasi wake kanuni, mojawapo ikiwakataza burudani zisizoweza kufanywa kwa jina la Bwana. Gofu, inaonekana, ilipenya. Wamethodisti wa North Carolina, Marekani, walioanzisha chuo mjini Fayetteville mwaka 1956, wana kiwanja cha gofu chuoni hapo hapo, na mwanafunzi anaweza kusomea uendeshaji wa gofu mpaka akapata shahada. Hebu fikiria mama anapiga simu saa nne asubuhi kuuliza mwanawe yuko wapi, naye anajibu, "Niko darasani, mama," huku akikung'uta mchanga kwenye fimbo. Wala hajadanganya.

Chuo hicho, leo Methodist University, kinacheza daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako ni marufuku kumfadhili mtu masomo kwa sababu tu anajua kucheza. Watu wacheze kwa mapenzi, basi. Mapenzi hayo yaliwapa wanaume ubingwa wa taifa mara 9 kati ya 1990 na 1999. Mwaka 1993 kombe lilikwenda San Diego, California, pengine kwa ajili ya heshima. Miaka mingine vyuo vingine vilihudhuria mashindano kama waalikwa waliochangia harusi wakaishia kuosha masufuria.

Lakini hao wanaume nao wasitambe sana. Timu ya wanawake ya chuo hicho hicho imebeba makombe mengi kuliko yao.