Kumsifu Kupe

Simba amekwisha kusifiwa vya kutosha. Kupe wa kahawia, mpangaji wa masikio ya ng'ombe kuanzia Uthiru hadi Kikuyu, hajapata hata ubeti mmoja. Namlipa deni hilo leo. Ng'ombe wangu wa gredi alikwisha kumlipa kwa roho yake.

Ni mpole: huuma bila kumwamsha mtu. Ni mzazi mwema: jike hutaga mayai maelfu kisha hufa, asije akagombania urithi na wanawe. Hayo tuyapite. Fahari yake ni elimu ya ulinzi.

Mate yake hubeba kijidudu cha ndigana kali, Theileria parva. Vijidudu vingine huziogopa chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Hiki kina adabu zake: humwingia askari mwenyewe, kikamhimiza azaane. Askari akigawanyika, nacho hugawanyika, na kila pacha huondoka na mgeni wake. Tezi zinafura kwa wingi wa askari. Ng'ombe hajawahi kulindwa hivyo! Baada ya wiki chache amekufa. Nyati hubeba kijidudu hicho hicho na kwa kawaida haugui: walioshindwa kukivumilia hawakuacha wajukuu.

Tena kinga haiji bure. Utafiti wa mwaka 2010 kuhusu kondoo wa porini wa St Kilda, Scotland, ulionyesha kuwa wenye kingamwili nyingi walistahimili baridi kali, lakini walizaa kidogo.

Kamati ya mtaa wetu ingekuwa kondoo, ingekwisha kutoweka. Pesa zote zinaishia getini. Watoto wanachezea barabarani. Mjini nako, kwenye kila mlango kifaa cha ukaguzi kinalia kiunoni mwangu na askari ananiambia, "Pita." Kisha ananakili kitambulisho changu katika daftari ambalo hakuna, hakuna kabisa, atakayelisoma! Na betri ya gari langu ilitoka usiku kwa geti letu, mlinzi akilifungua.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Muguga walipata chanjo ya ndigana: ng'ombe huchanjwa kijidudu hai pamoja na oksitetrasaiklini, mwili ukajifunza kumtambua na kumuua askari aliyekwisha kuingiliwa. Nikaiomba kamati nasi tuanze kuwakagua walinzi. Mwenyekiti, ambaye shemeji yake ndiye mwenye kampuni ya ulinzi, alinishukuru kwa mchango wangu.

Tumeongezewa walinzi wawili.