Kihispania na Kifaransa Bila Taabu

Kujifunza lugha ya kigeni kwa njia binafsi, yaani bila mwalimu, bila darasa na bila mtu wa kumcheka mwanafunzi papo hapo anapokosea, ni elimu ambayo kwa kawaida huanza dukani. Kabla neno moja la Kihispania halijatamkwa, mwanafunzi wa namna hii huwa amekwisha kujipatia kitabu cha sarufi, kamusi mbili, daftari lenye jalada gumu na kalamu za rangi tatu, moja ya nomino za kiume, moja ya nomino za kike, na ya tatu ambayo kazi yake bado haijaamuliwa. Kwa kuwa hamu humzidi akili, huwa ameongeza pia kozi ya Kifaransa, akijiambia kwamba lugha hizi mbili ni ndugu, zote zimezaliwa na Kilatini, na kwamba atakayeijua moja atakuwa ameijua ya pili kwa nusu ya jasho. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana madhara yake huchelewa kuonekana.

Kozi, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mafunzo yaliyofungwa ndani ya kitabu, kanda au programu ya simu na kupangwa somo baada ya somo ili mtu ajifundishe mwenyewe. Mojawapo ya zile za zamani ambazo bado zinauzwa ni ya kampuni ya Assimil, iliyoanzishwa na Mfaransa Alphonse Chérel mwaka 1929, ambayo vitabu vyake vilijulikana kwa kuahidi kwenye jalada kwamba lugha itaingia bila taabu. Kitabu chake cha kwanza, kilichowafundisha Wafaransa Kiingereza, kilifungua somo la kwanza kwa sentensi inayotangaza utajiri wa fundi cherehani wa msemaji, na Wafaransa hawajaacha kuitania mpaka leo. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri nguo ya sikukuu kwa fundi anafahamu kuwa mali ya fundi si jambo la kuulizwa, na kwamba sentensi inayohitajika kwa dharura ni ile ya kutaka kujua suruali itakuwa tayari lini. Hiyo haimo katika somo la kwanza.

Kozi za kusikiliza zina balaa lake. Mmarekani Paul Pimsleur, mtaalamu wa isimu matumizi, alieleza mwaka 1967 nadharia ya kukumbusha kwa vipindi vinavyorefuka, ambayo maana yake ni kwamba neno jipya lirudiwe baada ya sekunde 5, kisha baada ya 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, na hatimaye miaka 2, ili kila mara lidakwe likiwa karibu kusahaulika. Nadharia yenyewe ni nzuri, ila ni wanafunzi wachache sana ambao miaka 2 baadaye bado wapo kuulizwa. Tatizo la wale waliobaki ni kwamba kozi za mtindo huu huuliza swali kisha zikanyamaza kumpa mwanafunzi nafasi ya kujibu kwa sauti, na mwanafunzi wa Dar es Salaam, ambaye muda wake wa pekee wa utulivu ni ule wa foleni, husomea ndani ya daladala. Sauti ndani ya spika za masikioni humtaka amkatalie kwa heshima mgeni anayemkaribisha kinywaji, naye, akiwa amesahau kuwa amebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya dagaa na kijana mwenye begi la shule, hutamka kwa ukamilifu na kwa lafudhi aliyojivunia kwamba hapana, asante sana bibie, hataki kunywa chochote kwa sasa. Mama husogeza ndoo. Konda, ambaye amezoea kila aina ya abiria, huuliza tu, “Anko, unashuka wapi?”

Wanaopenda takwimu hujipa moyo kwa makadirio ya taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, ambayo iliviweka Kihispania na Kifaransa katika kundi jepesi kuliko yote kwa mzungumzaji wa Kiingereza, kundi la wiki 24 hadi 30, sawa na saa 600 hadi 750 za darasani. Mwanafunzi husoma wiki 24, akafunga hesabu hapo. Halitazami neno darasani, wala hajiulizi hali ya mtu anayelipwa mshahara ili ashinde kutwa nzima mbele ya mwalimu, wakati yeye ana nusu saa ya usiku kati ya taarifa ya habari na kukatika kwa umeme. Kwa mwendo wa nusu saa kwa siku, saa 600 ni siku 1,200, ambazo ni zaidi ya miaka mitatu, na hiyo ni kwa lugha moja tu, bila kuhesabu misiba, harusi na siku za homa. Inafaa kuongeza, kwa faraja ya msomaji, kwamba taasisi hiyohiyo ilikipa Kiswahili wiki 36 na saa 900, kwa hiyo aliyekizungumza tangu utotoni amekwisha kupata bure jambo gumu zaidi.

Taasisi hiyo pia ilirekodi kozi zake kwenye kanda, na kwa kuwa zilitengenezwa kwa fedha za serikali ya nchi hiyo, zimekuwa zikisambazwa bila malipo. Ndani yake mna mazoezi ya ubadilishaji, yaani sentensi hutajwa, neno moja hutolewa, na mwanafunzi huirudia sentensi nzima akiwa amepachika neno hilo na kurekebisha kila kinachopaswa kurekebishwa. Mazoezi haya yanachosha kupita kiasi. Ni haki pia kusema kwamba hayo ndiyo yanayofanya kazi, na kwamba kozi zinazosifiwa kwa kuchangamsha mara nyingi humwacha mtu amechangamka bila kujua kitu.

Kwa Mswahili, Kihispania huanza kwa ukarimu. Irabu zake ni zilezile tano, a, e, i, o, u, na mwandiko wake husomeka karibu kama ulivyo, hata jioni ya kwanza mwanafunzi akasoma ukurasa mzima kwa sauti bila kuelewa neno, akajiona yuko Madrid. Kifaransa humshusha siku inayofuata, kwa sababu ni lugha inayoandika herufi nyingi na kuzitamka chache, na zile chache nyingine hupitishwa puani. Halafu huja suala la jinsia ya nomino, ambalo Mswahili hana haki ya kulilalamikia, kwa kuwa ametoka katika lugha yenye ngeli chungu nzima na huko kuna mbili tu. Lakini hulalamika, tena kwa sababu ya msingi, kwamba ndugu hao wawili hawakukubaliana. Maziwa ni ya kike kwa Kihispania na ya kiume kwa Kifaransa, damu vilevile, na pua nayo, ikivuka milima ya Pyrenees kutoka Hispania kwenda Ufaransa, huingia upande wa pili ikiwa mwanamume. Hapa ndipo kalamu ya tatu hupata kazi.

Aliyejifunza lugha zote mbili kwa pamoja hupata lugha ya tatu ambayo haina nchi. Kichwani mwake maneno yamewekwa kabati moja, na ulimi huchukua lililo karibu. Akiwa mgeni wa Wafaransa na akitaka kuaga ili atoke nje apunge upepo, hutumia kitenzi salir, ambacho kwa Mhispania ni kutoka, na mwenyeji wake, aliyesikia kwa Kifaransa kwamba mgeni anakusudia kuchafua, hutupa jicho kwenye zulia. Akiwa kwa Wahispania, jina la Kifaransa la keki humponyoka, na meza nzima husikia kwamba kitafunwa anachokipenda zaidi, hasa siku ya kuzaliwa, ni paka.

Kusoma vitabu ndiko hupendekezwa kama tiba ya hayo yote, na anayependekezwa kama mfano ni Kató Lomb wa Hungaria, mkalimani aliyeishi kati ya 1909 na 2003, ambaye alijifunza lugha nyingi kwa kujitosa ndani ya riwaya akikisia maana, bila kukimbilia kamusi kwa kila neno. Mwanafunzi wa kawaida huipokea nusu ya ushauri huo. Riwaya huitafuta, na kwa kuwa anataka kuanza na iliyo bora, huanza na Don Quijote, kitabu chenye sehemu mbili za mwaka 1605 na 1615, kinene kama tofali, kinachomhusu mtu aliyerukwa na akili kwa kusoma vitabu mno. Kamusi haiachi. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaovipanga chini kando ya barabara za Posta huwa navyo vitabu vya namna hii, na njia rahisi ya kujua msomaji aliyetangulia alifika wapi ni kutazama penseli: ukurasa wa kwanza kila mstari una tafsiri juu yake, iliyoandikwa kwa herufi ndogo za subira, wa tatu una maneno machache yaliyopigiwa mstari, wa sita una alama moja ya kuuliza pembeni, na kuanzia wa saba karatasi ni safi kama zilivyotoka kiwandani.

Kwa Kifaransa mambo huwa afadhali, kwa kuwa husomwa L'Étranger ya Albert Camus, riwaya fupi ya mwaka 1942 ambayo sehemu kubwa imeandikwa kwa njeo ile inayotumika katika mazungumzo. Ila msamiati hufuata kisa. Kisa chenyewe kinaanza na mazishi, kinapita kwenye mauaji ufukweni na kuishia kwenye kesi, hivyo anayekimaliza anaweza kuagiza jeneza, kukesha na maiti, kuhojiwa na hakimu na kusubiri kukatwa kichwa, lakini bado hawezi kuomba chai isiyo na sukari.

Vitabu vingine vya Kifaransa vina hatari kubwa zaidi, kwa sababu husimulia kwa njeo iitwayo passé simple, ambayo ni wakati uliopita wa maandishi na hadithi, na ambayo Mfaransa wa leo haitumii anapoongea. Mwanafunzi wa vitabuni haambiwi hivyo, au huambiwa katika tanbihi ambayo hakuisoma, kwa hiyo huikariri na kuitia mdomoni. Matokeo yake ni kama ya mtu aliyeingia soko la Kariakoo akaagiza mafungu mawili ya nyanya kwa Kiswahili cha tenzi za kale. Na kwa mkazi wa Kigoma, Kifaransa hakiko mbali. Kipo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika soko la Kalemie, ambako mwanafunzi aliyekwenda kununua vitenge hujikuta kwa mara ya kwanza mbele ya mtu anayekitumia kweli. Hutoa sentensi yake ya kitabuni hadi mwisho. Muuzaji humtajia bei iliyo na septante. Kozi ya mwanafunzi ilitoka Paris, ambako 70 husemwa kwa hesabu ya sitini na kumi, na 90 kwa hesabu ya ishirini mara nne ukiongeza kumi, hesabu ambazo alizifanyia mazoezi mpaka akaziota. Hakuna aliyemwambia kuwa Wabelgiji, ambao serikali yao ilitawala Kongo kuanzia 1908 hadi 1960, waliona hayo ni usumbufu wakasema septante na nonante, na kwamba Wakongomani walibaki na maneno hayo. Anaposimama hapo akijumlisha na kuzidisha nambari ambayo haihitaji hata kujumlishwa, mama muuzaji humwonea huruma: “Papa, sema tu Kiswahili, tutasikilizana.” Husikilizana, na bei hushuka.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba wapo waliotambulika kwa lugha kwa mtaji mdogo sana. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, vijana kadhaa wa chama cha Umma waliopata mafunzo Kuba walionekana na ndevu na salamu ya Kihispania yenye neno moja, venceremos, maana yake tutashinda, na hilo lilitosha kuwafanya wageni waeneze habari kwamba askari wa Kuba wamo kisiwani. Mwenye maneno elfu mbili ya Kihispania daftarini, kwa rangi tatu, hajawahi kudhaniwa ametoka hata Pemba.

Kilichowapungukia wanafunzi wote hawa wa vitabuni ni mtu wa kuwasikiliza, na aliyelitambua hilo mapema ni Mjerumani Heinrich Schliemann, yule aliyekuja kufukua magofu ya Troya katika miaka ya 1870. Miaka ya 1840, akiwa karani kijana huko Amsterdam, alijifunza Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine kadhaa kwa kusoma kwa sauti na kukariri vitabu vizima. Alipofika kwenye Kirusi alikosa mwalimu, akachukua tafsiri ya Kirusi ya riwaya ya Fénelon kuhusu Telemako, akaanza kuikariri. Kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo ni ya mtu asiyechukia chumvi, aliona mambo yangekwenda vizuri zaidi kama angekuwepo mtu wa kumsimulia, kwa hiyo akamwajiri mtu mmoja maskini kwa faranga nne kwa wiki, aje kila jioni akae saa mbili amsikilize. Mtu huyo hakujua silabi moja ya Kirusi. Dari za nyumba zilikuwa za mbao nyembamba, wapangaji wa chini wakasikia kila neno na kulalamika kwa mwenye nyumba, na Schliemann akahamishwa mara mbili kabla Kirusi hakijamkaa. Baada ya wiki sita aliandika barua yake ya kwanza kwa lugha hiyo, na mwanzoni mwa 1846 tajiri zake wakamtuma St. Petersburg kuwa wakala wao.

Kwa hiyo wapangaji wa vyumba vilivyotenganishwa kwa ukuta mmoja wanaombwa wavumilie wakisikia upande wa pili mtu mzima akimsifu fundi cherehani kwa Kifaransa saa nne za usiku. Na ikiwa mwanafunzi huyo atagonga mlango akiwa na pesa ya chai, akitafuta mtu wa kukaa na kumsikiliza, kazi hiyo haihitaji cheti wala kujua lugha, ila malipo yachukuliwe mwanzoni mwa mwezi, kwa sababu wengi huacha katika wiki ya tatu.