Pongezi kwa Mashine Inayodai Kibali

Wanaoilalamikia Windows 11 hawana shukrani. Kompyuta ya mezani ya mwaka 2017, yenye Core i7 ya kizazi cha saba, ilikuwa inajifanyia kazi tu, inachapa barua na kupiga hesabu bila kuulizwa kitambulisho. Utovu wa nidhamu huo! Mwaka 2021 Microsoft wakaleta adabu: TPM 2.0 (kichipu cha usalama), UEFI (programu ya kuwashia mashine), Secure Boot (ukaguzi wa kinachowashwa), na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane.

TPM mara nyingi imo ndani tayari, ila imezimwa na kufichwa kwa staha chini ya jina PTT kwa Intel, au fTPM kwa AMD. Mashine inapowaka, wahi kubonyeza Delete au F2 uingie kwenye mipangilio ya UEFI, uiwashe. Ukichelewa, washa upya, subira yavuta heri. Kisha zima CSM, ile njia ya kuwaka kwa mtindo wa zamani. Diski ikiwa bado imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, mashine haitapata pa kuanzia, na hapo usalama umekamilika: mwizi haingii, mwenye mali haingii. Kibetri cha CR2032 kilichomo kwenye ubao mama kikichoka, mipangilio yote inaweza kufutika, usije ukasahau somo.

Na asitokee wa kusema kuna upendeleo. Kizazi cha saba kilikataliwa, isipokuwa prosesa chache mno, mojawapo Core i7-7820HQ, ambayo kwa bahati njema ndiyo iliyomo kwenye Surface Studio 2 ya Microsoft wenyewe. Wengine walipewa muda wa kutosha, hadi 14 Oktoba 2025, siku msaada wa Windows 10 ulipokoma, wakabadili kizazi walichozaliwa.