Jinsi ya Kushinda Ig Nobel Bila Kuzingatia Itifaki

Anza kwa kutafuta swali ambalo wakwe zako, wakisikia ndilo linalokulipa mshahara, watajuta kukuoza binti yao. Maswali yenye heshima yana wenyewe, na tuzo zake hutolewa Stockholm. Ig Nobel, iliyoanza Marekani mwaka 1991, inataka utafiti unaomchekesha mtu kwanza, kisha ukamnyima usingizi.

Usiogope uvundo. Mholanzi Bart Knols alivua nguo, akaketi, akawaachia mbu wa malaria wachague wenyewe pa kuuma. Wengi wakashukia miguuni. Yeye na mwenzake Ruurd de Jong wakaja kuonyesha kwamba mbu jike huvutwa na jibini la Limburger sawa na anavyovutwa na miguu ya mtu: bakteria wanaolinukisha jibini hilo ni ndugu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vyetu. Wakatuzwa mwaka 2006. Kabla hujamaliza kucheka, mwaka 2010 watafiti wa Ifakara, Tanzania, wakiongozwa na Fredros Okumu, walichapisha habari za mchanganyiko wa harufu uliovuta mbu wengi kuliko binadamu mwenyewe.

Waandaaji wakikupigia simu kukupa tuzo, una haki ya kukataa kimyakimya. Usikatae. Mwanafizikia Andre Geim aliichukua mwaka 2000 kwa kumfanya chura aelee hewani kwa sumaku. Mwaka 2010 akapewa Nobel yenyewe.

Sasa hotuba, na hapa ndipo sisi tunapofia. Kwa miaka mingi, ukirefusha maneno jukwaani, alikuwa anakujia binti wa miaka minane, anasimama mbele yako na kurudia bila kuchoka kwamba uache, umemchosha. Hakujua cheo chako. Wapo waliojaribu kumhonga zawadi; akapokea, akaendelea. Ninamwota binti huyo kila ninapokaa kwenye kongamano letu, soda imeshapata moto, profesa yuko slaidi ya 6 kati ya 58. Huko Ig Nobel, wataalamu wengine huitwa kueleza fani yao kwa sekunde 24, kisha kuifupisha kwa maneno saba ambayo yeyote ataelewa. Sekunde 24! Kwetu hizo humalizika mgeni rasmi hajatajwa vyeo vyote, na itifaki bado haijazingatiwa.

Kwa hiyo fanya mazoezi nyumbani. Mimi nimejaribu kwa ule utafiti wa Knols: "Mbu wa malaria hupenda miguu inayonuka jibini." Hesabu, ni saba. Msomee muuza chipsi wa mtaani; akikuuliza "kwa hiyo nioshe miguu?", umefaulu. Akikujibu "hongera, dokta", rudia.

Zawadi kwa miaka mingi ilikuwa noti ya dola trilioni kumi za Zimbabwe, fedha isiyonunua hata pipi. Nauli unajilipia.