Dau la Uani

Kuunda dau uani kwako, hapa Tanga, hakuna ugumu wowote, mradi uwe na majirani wenye subira na mke asiyesikia harufu. Mimi sina hata kimoja.

Nilianza na mchoro. Niliuchapisha kwa rangi, vipimo vyote kwa sentimita, nikamkabidhi fundi, mzee wa Kipemba aliyezeekea kwenye tezo. Akautazama kwa heshima, akaukunja, akafungia ugoro wake. Kisha akaupima mkuku kwa dhiraa na shibiri, jicho moja kalifumba.

Kazi ikaja kwenye mataruma. Mbavu hizo za chombo hazipindwi. Hutafutwa mti uliojipinda wenyewe. Ndiyo maana fundi wa vyombo hatembei njiani kama watu, anatembea akikagua matawi. Mkomafi ungefaa sana, lakini kukata mikoko kunataka kibali, na kibali pekee nilichokuwa nacho ni cha mke wangu, tena cha mdomo. Basi mzee akageuzia macho mwembe wa jirani.

Hakusema kitu. Kila asubuhi alisimama ukutani akilitazama tawi moja, kichwa kakiinamisha, anatabasamu. Jirani akawaingiza binti zake ndani. Mwisho akanijia, uso umemwiva.

"Bwana, huyu mzee wako anamtazama nani kwangu?"

"Tawi."

Hakuamini mpaka fundi alipopanda mwenyewe, akalipapasa kwa mapenzi na kumweleza litakaa wapi chomboni. Jirani alivyofarijika, akalitoa bure, kwa sharti dogo tu la kupata kitoweo. Mimi sharti hilo nililisahau papo hapo. Yeye hakulisahau.

Ikafuata kalafati, pamba iliyorowekwa mafuta na kushindiliwa nyufani, kisha dau zima likapakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Sifa huhifadhi mbao. Pua haina wa kuihifadhi. Paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Nguo zikianikwa zinarudi ndani zinanuka soko la samaki. Nyumba ya pili palikuwa na harusi, na nasikia wageni walikuwa wakiuliza kwa adabu kama pilau ile ni ya papa. Mke wangu akafunga kanga zake, akaenda kwa dada yake.

Tuliingoja bamvua, maji yapande juu tusiburute mbali. Vijana wakalishua kwa nyimbo, likaelea vizuri kabisa, kisha likaanza kujaa maji.

"Liacheni linywe," fundi akasema. "Mbao kavu ina kiu. Ikivimba, nyufa zitajiziba." Akalifunga kamba, akaenda zake kula.

Nikabaki na kopo, nachota, maji yananishinda. Jirani akaja, kapandisha kanzu magotini, akaingiza kichwa chomboni, akakagua.

"La kwangu halivuji," akasema.

Nikamwambia taruma huwa halivuji, zinazovuja ni mbao. Hakunisikia. Alikuwa anataka kujua nguru ataanza kuja lini, maana changu ana miiba.